Maswali ya Wasomaji: Boliti Hukabidhi Mzigo kwa Nondo

Barua tulizozichagua mwezi huu zote zahusu mahali pamoja: kichwa cha nguzo ya zege, pale zinapotokeza boliti za kushika nguzo ya chuma. Ni eneo dogo lisilofika nusu mita, na ndipo mabanda mengi ya mabati huachia upepo wa kusi ukivuma.

Bwana Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni fundi wa vyuma hapa Changamwe. Twajenga banda la mabati lililo wazi pande mbili. Nguzo za chuma zitakaa juu ya nguzo fupi za zege za mm 400 kwa 400. Kila moja ina boliti nne za M20 (zenye unene wa mm 20), mm 200 katikati kwa katikati. Mchoro waonyesha mvuto wa kwenda juu wa kN (kilonyutoni, yaani nyutoni elfu) 180 kwa kila nguzo. Mhandisi ataka nondo nne za mm 16 zipande mpaka juu karibu na boliti, na ringi (vyuma vya kuzungushia nondo) tatu zilizobanana kichwani. Mwenye kazi asema huko ni kupoteza chuma, bora boliti zirefushwe kutoka nusu mita hadi mita nzima. Nani ana haki?

Ana haki mhandisi, ndugu yetu. Lakini inafaa ujue sababu, kwa kuwa mwenye kazi hakubali mpaka aonyeshwe.

Boliti ikivutwa juu, mara nyingi chuma chenyewe hakikatiki. Linalong'oka ni zege. Ufa huanzia kwenye kichwa cha boliti kule chini, ukapanda huku ukitanuka kwa mlalo wa nyuzi 35 hivi: kila ukipanda mm 10, watanuka mm 15. Kipande kinachotoka kina umbo la pia ya watoto, ncha chini na upana juu. Kwenye msingi mpana, ukirefusha boliti, pia hiyo huwa kubwa na nguvu yaongezeka. Kwenye nguzo nyembamba, pia hiyo haina pa kutanukia. Kwenu ukingo uko mm 100 tu kutoka kwa boliti, kwa hiyo ufa ukipanda mm 67 umeshatokea nje.

Kanuni ya zege ya Marekani, ACI 318, sura ya 17, yalitambua jambo hilo waziwazi. Boliti zikizingirwa na kingo tatu au zaidi zilizo karibu, kina cha kuhesabia nguvu ya zege hakifuati tena urefu wa boliti. Huchukuliwa umbali mkubwa kati ya boliti na kingo hizo, ukagawanywa kwa 1.5, au theluthi ya nafasi kati ya boliti, kubwa kati ya hizo mbili. Kwenu zote mbili zatoa mm 67. Kwa zege la nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita mraba, boliti zote nne kwa pamoja zapata kN 109, na baada ya kuzidisha kwa kipunguzo cha usalama cha 0.70 zabaki kN 76. Boliti iwe ya nusu mita, iwe ya mita nzima, jibu ni hilo hilo: 76, nanyi mwahitaji 180. Chuma cha boliti zenyewe, kikiwa cha daraja la 4.6 (chuma cha kawaida), chabeba kN 294. Yaani boliti zina nguvu ya kutosha na ziada. Zilipopandwa ndipo hapana.

Hapo ndipo nondo zinapoingia. Kanuni yaruhusu nguvu ya zege isihesabiwe kabisa, ikiwa nondo zabeba mzigo wote na zimeshika vya kutosha pande zote mbili za ufa, juu yake na chini yake. Angalia neno "wote". Huwezi kusema zege libebe 76 na nondo zibebe zilizobaki, maana nondo haianzi kufanya kazi ya kweli mpaka zege lipasuke, na likishapasuka halina tena la kuchangia. Hesabu ya chuma ni fupi: nyutoni 180,000 gawanya kwa 0.75 (kipunguzo cha nondo) mara 460 (nguvu ya nondo), wapata milimita mraba 522. Nondo moja ya mm 16 ina 201, nne zina 804. Zatosha, tena kwa nafasi nzuri.

Sasa tumtendee haki na mwenye kazi, kwa sababu urefu wa boliti una kazi yake hapa. Boliti haigusi nondo. Yaupitisha mzigo kwenye zege lililo kati yao, kama vile nondo mbili zinavyopishana, na makabidhiano hayo yataka urefu na ukaribu. Mkiacha kava (zege la kufunika chuma) ya mm 50 na kutumia ringi za mm 10, nondo ya pembeni itakuwa mm 45 kutoka katikati ya boliti. Ufa utaikata mm 30 juu ya kichwa cha boliti. Upande wa juu wakatwa mm 50 nyingine za kava. Kwa hiyo urefu wa nondo unaofanya kazi ndani ya pia ni kina cha boliti toa mm 80. Nondo iliyonyooka ya mm 16 kwenye zege hilo yahitaji karibu mara 44 za unene wake, yaani mm 700. Basi boliti iingie mm 780, wekeni 800. Mkizipinda nondo kulabu ya nyuzi 90 kule juu, urefu unaohitajika washuka hadi mm 353, na boliti ya mm 450 yatosha.

Sisi twapendelea kulabu. Mkia wake uwe mara 12 za unene, mm 192, na kila mkia ulale sambamba na ubavu wa nguzo kuelekea nondo inayofuata, zote zikizunguka upande mmoja. Ukizipinda kuelekea katikati zitakutana na boliti, na hapo fundi atashawishika kuzikata.

Upande wa chini ya ufa, nondo zishuke bila kukatika mpaka kwenye msingi na zipindwe L chini. Na nondo ya kuhesabiwa isiwe mbali na boliti kuliko nusu ya kina cha boliti. Zenu ziko mm 45, hazina shida.

Kuhusu ringi za kichwani: boliti husukumwa kando pia, na zikisukumwa kuelekea ukingo, kona ya juu ya nguzo huruka kama kipande cha mkate. Kanuni hiyo hiyo yataka ringi tatu za mm 10 ndani ya mm 125 za mwanzo kutoka uso wa juu, zikizunguka boliti na nondo angalau nne. Kosa tunaloliona mara nyingi ni ringi ya kwanza kuanzia mm 200 chini, kwa sababu kiolezo cha boliti (ubao wenye matundu ya kuzipangia) kilizuia mikono. Ringi hiyo iko chini ya kipande kinachoruka, kwa hiyo haishiki kitu.

Kwa mpangilio wa kazi: fungeni kwanza nondo na ringi za chini, kisha teremsheni zile ringi tatu zikae legelege juu. Ingizeni boliti zikiwa zimeshafungwa kwenye violezo viwili, kimoja juu ya fomu (mbao za kumwagia zege) na kimoja karibu na vichwa vyake chini, zisije zikaegemea. Kisha pandisheni ringi tatu mahali pake na kuzifunga kwa waya. Timazi kwenye boliti, futi kwenye kingo zote nne, na mishazari miwili ilingane. Kati ya nondo na boliti pana uwazi wa mm 27 tu, kwa hiyo tumieni kokoto za nusu inchi kichwani na mtikise zege kwa mashine nyembamba. Pimeni tena mara mtakapomaliza kumwaga, wakati boliti bado yaweza kurudishwa mahali pake. Likishakaza, umechelewa.

Assalaam aleikum. Mimi nina karakana ndogo Mikindani na huuza boliti za kulabu, zile zilizopindwa J. Siku hizi wateja waniletea michoro inayotaka boliti iliyonyooka yenye nati chini. Kuna tofauti ya maana, au ni mtindo tu?

Waaleikum salaam, shekhe. Tofauti ni kubwa, na yafaa uibadilishe bidhaa yako. Kulabu ya J ikivutwa hubonyeza zege kwenye eneo dogo la mpindo, kisha hujinyoosha taratibu ikateleza juu. Kwa M20 yenye kulabu ndefu kabisa inayohesabika, mm 90, na zege la 25, boliti nne zashika kN 113 baada ya kipunguzo. Boliti zilizonyooka zenye nati ya kawaida ya mm 30 chini zashika kN 260. Ukilinganisha na zile kN 180 za ndugu yetu wa Changamwe, J haifiki hata uziweke nondo ngapi kandoni, maana nondo hazizuii kulabu kuteleza. Zazuia zege kung'oka tu.

Nati ya chini ifungwe isizunguke: gonga nyuzi za boliti kwa patasi, au weka nati mbili na uzikaze pamoja. Ukiongeza washa nene, ya mraba wa mm 50 na unene wa mm 10, eneo la kubonyeza laongezeka. Usiifanye kubwa kupita hapo kwenye nguzo nyembamba, itakaribia ukingo na kuzuia zege kupita.

Liko jambo jingine ambalo nondo za kusimama haziliponyi. Kichwa cha boliti kilicho chini sana na karibu na ukingo huweza kulipua ubavu wa nguzo: zege latoka pembeni kama ganda, wakati juu hakuna ufa hata mmoja. Hukaguliwa pale kina cha boliti kinapozidi mara 2.5 za umbali wa ukingo. Kwa nguzo tuliyoieleza, mm 100 kutoka kingo zote mbili za pembeni, kila boliti yapata kN 49 na yatakiwa ibebe 45. Imepita kwa chupuchupu. Boliti ikisogea mm 15 tu kuelekea kila moja ya kingo hizo, yashuka hadi karibu kN 42, imefeli. Ndiyo maana twasisitiza kiolezo cha chini. Wengi huweka cha juu peke yake, juu yaonekana sawa, na kichwa kimeegemea fomu.

Kaka zangu, mimi ni welda. Mkandarasi aniambia nichomelee boliti kwenye nondo ziwe kitu kimoja, hapo hazitoki kamwe. Niliona ni akili nzuri. Mwasemaje?

Usichomelee. Nondo za kawaida za nguvu ya juu hazikutengenezwa kwa kuchomelewa. Pale pa moto hukauka na kuwa gumu, kisha hukatika ghafla bila kurefuka kwanza, na hata nukta ndogo ya kushikilia huula mwili wa nondo. Boliti za daraja la 8.8 ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa nguvu yake imetokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wako waiondoa. Na faida ya kuchomelea haipo, maana mzigo hupita kwenye zege. Tumia waya wa kufungia na kiolezo. Mkandarasi akishikilia, mwombe mchoro wa mhandisi unaoonyesha hiyo weldi na aina ya nondo inayokubali kuchomelewa.

Bwana Mhariri, nina godauni linalojengwa Miritini. Nguzo fupi zimeshamwagwa, mita 1.2 kutoka msingi. Mhandisi mpya amegundua boliti zimeingia mm 300 tu, tena za J, na nondo za mm 16 ziliishia mm 250 chini ya uso wa juu. Fundi ashauri nguzo ivishwe koti la zege la mm 125 pande zote na nondo mpya ndani yake. Nguzo za chuma bado hazijasimamishwa. Nifanyeje?

Mzee wetu, pole kwa hasara, na ni bahati kwamba chuma hakijapanda. Kwanza tazama kilichopo. Ncha za nondo ziko mm 250 chini, vichwa vya boliti viko mm 300. Ufa unaopanda kutoka kwenye kichwa wazikuta nondo zikiwa na chini ya sentimita mbili tu ndani ya pia. Ni sawa na kutokuwapo.

Koti halitaokoa. Nondo mpya ndani ya koti hilo itakuwa karibu mm 225 kutoka kwa boliti, ukipima kwa mshazari. Boliti ya mm 300 yakubali nondo isiyozidi mm 150. Zaidi ya hapo, ufa utaifikia nondo ukiwa umeshapanda mm 150, na ukitoa kava wabaki na mm 100 za kushika, wakati hata yenye kulabu yataka 353. Koti lingeonekana imara sana kwa macho, na hilo ndilo linalotutia hofu.

Kuvunja sehemu ya juu tu pia hakutoshi, kwa hesabu ya kupishana. Nondo mpya ya mm 16 ikipishana na ya zamani yataka mara 1.3 za mm 700, yaani mm 910. Nondo zako zaanza mm 250 chini, kwa hiyo utavunja mm 1,160 katika nguzo ya mm 1,200. Basi vunja yote mpaka juu ya msingi. Tumia nyundo ndogo ya umeme, si ile kubwa, na usizipinde nondo zilizobaki. Ukizitikisa sana zaachana na zege la msingi. Uso wa msingi uparuzwe mpaka kokoto zionekane, mabonde yafike mm 6, upulizwe vumbi na ulowanishwe. Fungia nondo mpya zenye kulabu juu, weka boliti za nati za mm 450, ringi tatu kichwani, kisha mwaga. Nguzo moja yataka mita za ujazo 0.19 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1½ kwa 3 ni kama mfuko mmoja na nusu wa simiti. Gharama kubwa ni ya kuvunja, na ukisubiri chuma kipande ndipo uvunje, itazidi mara nyingi.

Ukikuta boliti moja imekaa mahali si pake, asije mtu akaipasha moto na kuipinda kwa bomba. Mwonyeshe mhandisi, mara nyingine kubadilisha bamba la chini kunatosha.

Mimi ni mama mjenzi wa Kisauni. Maji ya kisima chetu ni ya munyu na mchanga tuliopewa una makombe madogo. Nguzo ni nne tu za kibanda cha gari. Ni lazima niagize maji na mchanga wa mbali kwa nguzo nne?

Ndiyo, mama, ni lazima. Kichwa cha nguzo ndipo palipojaa chuma kuliko sehemu nyingine yoyote, na chumvi ikiwa ndani ya zege kutu haingoji chumvi nyingine ipenye kutoka nje. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani, ufa ukifuata mstari wa nondo. Zege likishaachana na nondo, ule mzigo wa boliti hauna pa kukabidhiwa.

Nunua maji matamu. Kwa mchanganyiko tuliouandika hapo juu, mfuko wa kilo 50 wataka lita 25 pamoja na unyevu ulio kwenye mchanga, na usimruhusu mtu kuongeza ili zege liteleze. Mchanga wenye makombe urudishwe. Ukiuosha kwa maji ya kisima hicho hicho hujafanya kitu. Kava iwe mm 50 kwa vitalu vidogo vya zege chini ya ringi. Vipande vya mbao vyaoza na kuacha njia ya maji.

Boliti ziwe zimechovywa kwenye zinki ya moto, na zinunuliwe pamoja na nati zake, kwa sababu zinki huongeza unene wa nyuzi na nati ya kawaida haitaingia. Fundi akikwambia atazichonga nyuzi za boliti ili nati iingie, atakuwa anaitoa ile zinki uliyoilipia. Juu ya nguzo, nafasi ya mm 25 hadi 50 chini ya bamba ijazwe grauti (uji wa simiti) isiyosinyaa, ikimiminwa kutoka upande mmoja mpaka itokee upande wa pili, na ukingo wake uteremke nje ili maji ya mvua yasituame kwenye shina la boliti.